DataTables na ile safu ya “Na.”

Nimeitumia DataTables, maktaba ya JavaScript ya kuongezea majedwali ya kurasa za wavuti uwezo, kwa miaka mitatu kwenye mfumo wa wanachama wa SACCOS moja hapa Morogoro. Ni ya bure, toleo nililotumia linategemea jQuery (maktaba nyingine ya JavaScript), na ukiipa jedwali la kawaida la HTML inakuwekea kutafuta, kupanga na kurasa za mistari kumi kumi. Hapo sina neno.

Kasheshe ilikuwa safu ya “Na.”, ile ya kuhesabu mistari 1, 2, 3. Wanachama walipokuwa 240 niliwapakia wote kwenye kivinjari, mambo shwari. Walipoongezeka nikaiachia seva kazi ya kugawa kurasa, nisijue kwamba sasa meta.row (namba ya mstari inayotolewa na DataTables, ikianzia 0) inahesabu mistari iliyoletwa tu. Kila ukurasa ukaanza na 1. Mama mhasibu akanipigia: “Mwanangu, mbona wenye namba moja wako wengi hivi?” Uzembe wangu, sikusoma maelezo. Dawa ni fupi: chukua page.info().start (mahali ukurasa unapoanzia, nako kukihesabiwa kutoka 0), ongeza meta.row, ongeza 1. Ukurasa wa tatu unaanzia 20, kwa hiyo mstari wake wa kwanza ni wa 21.

Ila usije ukakifunga kitufe cha kufuta mwanachama kwenye namba hiyo! Mtu akipanga majina upya, wa 21 anakuwa mwingine kabisa. Tumia kitambulisho cha kwenye hifadhidata.

Nyota nne. Ya tano nimeibania, maana safu ya namba kila mtu anaihitaji, na bado unaiandikia msimbo mwenyewe.