Marumaru za sakafu: kunyoosha au kulaza mshazari?

Mabishano huanza maboksi yakishashushwa sebuleni: fundi afuate ukuta, au alaze mshazari?

Tuanze na pesa. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinakula marumaru 100 za sentimita 40 kwa 40. Ukinyoosha, ongeza kama asilimia 10 ya kukatika na akiba, zifike 110. Mshazari ongeza 15, maana kila ukuta unadai vipande vya pembetatu. Fundi naye atapandisha bei, na ana haki: grenda haipumziki.

Ila nyumba zetu nyingi kona hazikai mraba, na hapo ndipo mshazari unapolipa. Ukinyoosha, kipande cha pembeni kinaanza na upana wa vidole vinne mlangoni, kinaishia viwili kwenye kona, na jicho linakwenda palepale. Mshazari unaficha upogo huo, na chumba chembamba huonekana kipana. Lakini sebule ikijaa makochi na zulia, nani atauona?

Usafi ni uleule. Grauti, ile saruji ya kujazia mianya kati ya marumaru, hushika uchafu kote. Kwenye udumu kunyoosha kunashinda kidogo, kwani ncha za pembetatu humeguka upesi saruji isipojaa chini yake.

Bajeti ikibana, au ni chumba cha kulala, nyoosha. Ukumbi ulio wazi au kuta zilizopinda, lipa ziada. Vyovyote iwavyo, fundi apige uzi katikati ya chumba na kuzipanga marumaru kavu kabla ya kukoroga saruji.