Banda la gari nyumbani: aina tano nilivyozipanga, kuanzia ya kununua mpaka ya kuachana nayo

Wengi wakitaka kujenga banda la gari wanaanza na paa, bati au plastiki, rangi gani, mtindo gani. Mimi nakuomba uanze na nguzo na kilichoko chini ya nguzo, kwa sababu banda halina kuta, upepo unaingia kwa chini na kuliinua kama unavyoinua mwavuli. Chukua paa la mita 6 kwa 3, yaani mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 108 kwa saa unasukuma kwa nguvu ya takribani kilo 56 kwa kila mita ya mraba, zidisha hapo, unapata kama tani nzima inayoweza kutaka kuondoka na paa lako. Sasa shimo la nguzo la upana wa sm 40 kwa 40 na kina cha sm 80 likijazwa zege lina uzito wa kama kilo 300, nguzo nne zinakupa kilo 1,200 na kitu, kidogo tu juu ya ile tani. Kwa hiyo fundi akikwambia futi moja kwenda chini inatosha, muulize hiyo tani itashikwa na nini.

Vipimo navyo, usikadirie kwa macho. Gari dogo la kawaida lina urefu wa mita 4.5 hivi na upana wa 1.8 bila saitimira, ukiweka mita 3 kati ya nguzo na nguzo unabaki na sm 60 kila upande, hapo mlango unafunguka na mtu mzima anatoka bila kujibana. Urefu wa banda piga mita 5.5 hadi 6. Kimo kisipungue mita 2.3 pale paa lilipo chini kabisa, na kama una pikapu au unabeba mizigo juu ya keria ongeza. Kabla hujachimba, paki gari pale pale, fungua milango yote minne pamoja na buti, halafu chora chini kwa chaki milango inapofika. Nguzo zikae nje ya hiyo michoro. Ni kazi ya dakika kumi lakini nimeona banda zuri kabisa ambalo mlango wa dereva unagonga nguzo kila siku. Na uulize bomba la maji na shimo la choo vinapita wapi, na kama mamlaka ya eneo lako inataka kibali ulizia mapema.

Namba 1: fremu ya chuma na bati lenye rangi. Hii ndo naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Nguzo ziwe skwea paipu (bomba la chuma la mraba) ya mm 75 au 100, unene wa ukuta wake mm 3, usikubali zile za 1.2, ukigonga kwa kidole zinalia kama debe. Kwenye bati watu wanachanganywa na geji, yaani kipimo cha unene wa bati, namba ikiwa ndogo bati ni nene, so geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mimi ningechukua 28. Mteremko weka sm 10 kwa kila mita, na hapa kuna kitu wengi hawakifikirii: ukiteremsha paa kwa upande wa upana wa mita 3, tofauti ya juu na chini ni sm 30 tu, ukiteremsha kwa urefu wa mita 6 inakuwa sm 60 na banda linaonekana limepinda. Bati lifungwe kwa skrubu zenye washa ya mpira, sio misumari, misumari inapanda taratibu kila upepo ukitikisa mpaka siku bati linapeperuka.

Ubaya wake ni kutu, na kutu inaanzia sehemu mbili. Ya kwanza ni pale nguzo inapoingia kwenye zege, maji yanatuama hapo, kwa nje unaona rangi imevimba kidogo tu kumbe chuma kimeshaliwa. Zege lipandishwe sm 5 au 10 juu ya ardhi na lichongwe literemke kila upande. Ya pili ni kwenye maungio ya kuchomelea, moto unaunguza ile zinki iliyokuwa inalinda chuma, hivyo fundi akimaliza kuchomea asafishe na kupaka praima ya zinki kabla ya rangi. Usimruhusu aseme atapaka baadaye.

Namba 2: fremu hiyo hiyo ya chuma, juu polikaboneti, yaani shiti la plastiki ngumu. Mwanga unapita, hapafanyi giza mbele ya dirisha, inapendeza sana. Lakini inataka fundi anayeijua. Ina upande mmoja uliowekewa kinga ya jua, huo ndo unatazama juu, ukigeuzwa inaanza kuwa ya njano na kukatika mapema. Pia inatanuka kwenye joto, shiti la mita 6 linaweza kuongezeka karibu mm 16 joto likipanda nyuzi 40, so tundu la skrubu lazima liwe kubwa kuliko skrubu yenyewe, la sivyo inapasuka kuanzia kwenye tundu. Zile zenye vyumba ndani zizibwe miishoni kwa tepu yake, vinginevyo vumbi na ukungu vinaingia humo na hutoi tena.

Namba 3: mbao. Nzuri kwa macho na unaweza kuijenga na fundi seremala bila umeme wa kuchomelea. Sharti mbao ziwe zimetiwa dawa, na nguzo isizikwe ardhini, ikae juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa na bolti kwenye zege, maana mchwa na unyevu vinaanzia chini.

Namba 4: neti ya kivuli. Inapunguza jua sana na upepo unapita katikati yake, lakini mvua haizuii, kwa hiyo ni ya mtu ambaye shida yake ni jua tu. Ikilegea inachanika, ikazwe vizuri.

Namba 5: hema za kukunjua za miguu ya bomba. Niliwahi kuwa nayo, ilikaa miezi minne, usiku mmoja upepo ukaja, asubuhi nikaikuta imelala juu ya boneti na mguu mmoja umekwaruza rangi kutoka kwenye taa hadi karibu na kioo. Kama unahama karibuni sawa, ila miguu yake uifunge vizuri chini, na utabiri wa hewa ukionyesha upepo ikunje.

Usisahau gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Mvua ya mm 25 kwenye paa la mita za mraba 18 ni lita 450 za maji, yakidondoka yote sehemu moja yanachimba pale pale mguuni mwa nguzo, na yakielekea kwa jirani ni ugomvi. Yapeleke kwenye tenki.

Usimalize kumlipa fundi kabla hujapanda ngazi mwenyewe. Shika washa za skrubu: mpira ukizunguka kwa kidole skrubu imelegea, ukiwa umetokeza pembeni umebanwa kupita kiasi na utapasuka kwa jua, unatakiwa ulale sawasawa na chuma. Kisha angalia vichwa vya nguzo juu vimezibwa, maana nguzo iliyo wazi inajaa maji kwa ndani na kutu yake huioni.