Ranifleti na bima, au tairi la kawaida na spea? Mwongozo kwa dereva wa Tabora

Barabara ya Tabora kwenda Mpanda, ukishapita Ipole, unaingia msituni, na msitu wenyewe hauishi haraka. Huko ndiko gari la kaka yangu lilipochanwa tairi la nyuma na jiwe lenye ncha. Lilikuwa limefungwa matairi ya ranifleti, yaani yale yanayoendelea kutembea hata upepo ukiisha, na kwenye buti hakukuwa na spea. Tulirudi pole pole mpaka Sikonge. Fundi pancha akaliangalia, akapitisha kidole kwenye mchano, akasema, "Dada, ubavu ukishachanika hauzibiki. Nikiliziba nitakuwa nimewaua." Saizi ile haikuwepo Sikonge, na Tabora mjini haikuwepo pia. Gari likakaa siku nne likisubiri tairi lipandishwe basi kutoka Dar es Salaam.

Bima kubwa ilikuwepo. Kampuni ikatuonyesha kifungu: tairi likiharibika peke yake, bila gari kuumia kwa ajali, hawalipi. Kifungu hicho kimo katika mikataba mingi ya bima ya magari, na wengi wetu tunatia saini bila kukisoma. Marekani wauzaji wa magari huuza bima ya pekee ya tairi na rimu. Ukiuziwa kitu kama hicho hapa, uliza kabla ya kulipa: inalipa pancha au mpasuko tu? Rimu imo? Nani analeta tairi, na analileta wapi? Maana bima nzuri kuliko zote hukupa fedha, na fedha haiwezi kufungwa kwenye gurudumu ukiwa Kaliua saa mbili usiku.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza, kwa yeyote anayetoka nje ya mji, naipa tairi la kawaida pamoja na spea kamili, ya saizi ileile ya manne yaliyo chini. Nunua matano kwa pamoja ukiweza. Tairi la kawaida likichomwa na msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara, karibu kila kituo chenye fundi pancha kati ya Nzega na Uvinza watakuzibia. Likichanika ubavu, unafunga spea na safari inaendelea kwa mwendo wako wa kawaida.

Spea isiyo na upepo haina kazi, kwa hiyo ipime kila mwezi. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2323 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2023. Spea nyingi huzeekea kwenye buti bila kugusa lami. Kabla ya safari, jaribu mwenyewe kulegeza nati kwa spana yako, kwa sababu gereji nyingi hukaza kwa mashine na mkono wa mtu hauzifungui. Beba kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki. Udongo wetu wa kichanga huimeza, na masika ni matope. Ukielekea Koga vaa shati la mikono mirefu. Mbung'o wa kule hawangoji umalize kubadilisha tairi.

Tairi la kawaida na spea nyembamba ni la pili. Magari madogo mengi kutoka Japani huja nayo. Inajazwa upepo mwingi, kwa kawaida psi 60, na mwendo wake hauzidi kilomita 80 kwa saa. Gari likiwa linavutwa na magurudumu ya mbele na tairi la mbele ndilo lililopasuka, funga spea hiyo nyuma, kisha lile zima la nyuma ulihamishie mbele. Kwa Tabora hadi Urambo inatosha. Ukiwa umejaza asali na familia, hapana.

La tatu ni ranifleti na spea ndani ya buti, kwa mwenye BMW au gari jingine lililokuja hivyo. Pima kwanza kama rimu ya spea inazifunika breki za gari lako bila kuzigusa, na uifunge kwa mkanda isije ikaruka.

Ranifleti na bima peke yake naiweka mwisho, ingawa sifa zake ni za kweli. Ubavu wake umetiwa mpira mgumu unaobeba gari upepo ukiisha, usukani haukuponyoki, na hulazimiki kusimama mahali pa giza penye hatari. Dada anayeendesha peke yake usiku ana haki ya kuithamini hiyo. Lakini kipimo chake cha kawaida ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na mzigo mzito huipunguza. Sikonge hadi Tabora mjini ni takribani kilomita 70. Urambo ni kama 90. Nzega ni zaidi ya 110. Likishatembea bila upepo, watengenezaji wengi hawataki lizibwe: ni kununua jipya. Pia ni gumu, na shimo la barabarani unalisikia mgongoni. Anayezunguka Isevya, Cheyo na Kanyenye tu anaweza kuishi nalo vizuri, mradi kihisi cha upepo kinafanya kazi, kwa sababu kwa macho hutagundua kuwa limeisha upepo.

Unaweza kuhama kutoka ranifleti kwenda kawaida, ila badilisha yote manne kwa wakati mmoja, kwa saizi na uwezo wa mzigo ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni, kisha utafute spea. Usichanganye.

Na mtumba? Ranifleti ya mtumba usiinunue hata kwa bei ya bure. Tairi lililowahi kutembea bila upepo linaweza kuonekana zima kwa nje huku ndani ubavu umeshaungua. Alama za kukujulisha ni RFT kwa Bridgestone, ROF kwa Goodyear, ZP kwa Michelin na SSR kwa Continental. Ukiziona kwenye rundo la matairi yaliyotumika, endelea na rundo linalofuata.