Pini za Sheko Zenye Njia ya Grisi na Bushi za Poliyurethani: Tathmini ya Seti Nzima

Seti ninayoitathmini hapa ni ya sheko, yaani kiungo kinachoshikanisha mwisho wa springi na chasisi. Ina pini za sheko zilizotobolewa njia ya grisi, bushi (vipande vya mviringo vinavyokaa kati ya pini na springi) za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, bamba za sheko nene kuliko zile za kiwandani, na nati za kujifunga. Imetengenezwa kwa ajili ya pikapu yenye springi za mabamba, ambayo kazi yake ni kupita kwenye mawe, matope na makorongo. Nimeifunga nyuma ya gari langu, nikaliendesha likiwa tupu na likiwa na mzigo, na ninaiona kuwa seti nzuri kwa mtu atakayeipa grisi kwa ratiba. Asiyetaka kuingia chini ya gari mara kwa mara abaki na bushi zake za mpira.

Vifaa vya zamani vilipotoka ndipo haja ya kubadilisha ilipoonekana wazi. Bolti iliyokuwa kwenye jicho la springi, yaani tundu la mwisho wake, ilikuwa imelika upande mmoja tu, ule unaobeba uzito, hata ukucha ukawa unakwama kwenye mfereji uliochimbika, na mpira wa bushi ulikuwa umekonda upande huohuo na kupasuka ukingoni. Bushi zikifikia hali hiyo, sheko huyumba kushoto na kulia, ekseli haikai tena kwenye mstari wake gari linapokata kona, na kila gurudumu linapoingia shimoni husikika mgongano wa chuma kwa chuma.

Ni muhimu kuelewa kwamba bushi hizi mbili hazifanyi kazi kwa namna moja. Bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye bomba lake la chuma haizunguki, bali mpira wenyewe ndio unaojisokota springi inapopanda na kushuka. Kwa sababu hiyo bolti zake hukazwa mwishoni kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana ukizikaza likiwa juu ya jeki mpira utabaki umesokotwa muda wote na utapasuka mapema. Bushi ya poliyurethani huzunguka juu ya pini, kwa hiyo springi hucheza kwa uhuru zaidi, lakini palipo na nyuso mbili zinazosuguana pana haja ya grisi. Ikikauka hulia, na mchanga ukipenya huikwangua pini. Ni ngumu kuliko mpira pia, hivyo mtetemo wa barabara hufika kwenye chasisi kwa wingi zaidi, na mwenye kuthamini ulaini wa safari atautambua mara moja.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni bega la pini. Sehemu nene ya pini ni ndefu kidogo kuliko upana wa bushi, na bamba la sheko hukaa dhidi ya bega hilo, kwa hiyo nati inaweza kukazwa sawasawa bila bamba kuibana bushi. Pini isiyo na bega humlazimisha fundi kuchagua kati ya nati iliyolegea na springi iliyobanwa, na sijui kwa nini bado zinauzwa.

Udhaifu upo. Tundu la grisi hupunguza chuma cha pini, na ndiyo maana daraja la chuma, yaani kipimo cha nguvu yake, ni jambo muhimu: daraja la 10.9, lililotumika hapa, lina nguvu ya mvutano ya takriban newtoni 1,000 kwa milimita moja ya mraba, ilhali 8.8 ina takriban 800. Tundu la kutokea grisi lisielekee upande unaobeba mzigo, kwa kuwa hapo grisi huzuiwa kutoka; kipeperushi cha seti hakisemi neno lolote juu ya jambo hilo, wala hakitaji kiwango cha kukaza nati, na huo ni upungufu mkubwa kwa kifaa kinachoshikilia ekseli. Pini moja, tena, ilikuwa na nyuzi zilizoanza ndani kabisa ya tundu la bamba, mahali panapotakiwa uso wa pini usio na nyuzi. Niliikataa, nikapewa nyingine iliyo sahihi. Anayenunua azikague zote kabla ya kufunga.

Nipeli, yaani vichwa vya kupampia grisi, nilizielekeza upande wa ndani, ambako mawe hayazifikii kwa urahisi, baada ya kuhakikisha kwamba hazigusi bomba la eksosi wala tangi la mafuta springi inapojikunja. Kwa grisi, fuata aina iliyopendekezwa na mtengenezaji wa bushi, na upampu mpaka uone grisi safi ikichomoza kwenye kingo zote mbili za bushi. Ikitoka upande mmoja tu, nyanyua chasisi kwa jeki ili uzito uondoke kwenye pini, kisha pampu tena. Baada ya safari za mwanzo za njia mbovu, rudia kupima ukazaji wa nati zote.