Tahadhari: muuzaji wa fenicha "anayehama nyumba" kila mara

Ndugu zangu mnaonunua fenicha zilizotumika mtandaoni, kuna muuzaji mmoja inabidi mumjue. Jina lake siliandiki, na hata ningeliandika lisingewasaidia, kwa sababu akaunti anabadilisha anavyotaka. Asichobadilisha ni namna anavyofanya kazi, na hiyo nitawaeleza yote.

Tangazo lake husema anahama na anauza vitu vya ndani haraka kwa bei ya kutupa. Langu lilikuwa kabati la nguo la milango mitatu: "mbao ngumu tupu, halina tatizo lolote, limetunzwa." Picha safi, zimepigwa mchana kweupe. Nilimuuliza kila kitu ambacho mnunuzi anapaswa kuuliza. Ni mbao gani? Limewahi kuingia maji? Limewahi kufunguliwa na kuungwa upya? Milango inafunga bila kulazimishwa? Akajibu yote, kwa upole, "dada yangu" kila baada ya maneno mawili, na kiapo juu yake.

Kabati lilifika likiwa vipande, limeviringishiwa mashuka na kufungwa kwa plasta pana. Aliyelileta akasema yeye ni dereva tu, kazi yake kupakia na kushusha. Mwenye mali "amekwama kazini", ila yuko hewani, anaomba alipwe sasa hivi maana gari linasubiriwa kwingine. Vipande vya juu ya mzigo ni milango, na milango ni mizuri kweli, bawaba zinang'aa, kioo hakina hata ufa. Inalingana na tangazo, unalipa. Vya chini vimo katikati, ndani kabisa ya mashuka.

Fundi seremala alipokuja kuliunga ndipo lilipojieleza lenyewe. Mbao ngumu hamna. Ni chipbodi, ule ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi na kugandamizwa kwa joto, ukavalishwa karatasi yenye michoro ya mistari ya mti. Pande zote mbili zimevimba kwa chini na kuchanuka. Mashimo ya skrubu yamepanuka, yakajazwa gundi na unga wa msumeno, kisha yakapakwa rangi ya viatu ya kahawia ili yafanane na pembeni. Mgongo wa kabati una madoa ya ukungu yaliyopanguswa, na juu ya harufu ya ukungu kumepulizwa marashi. Fundi alizungusha skrubu moja kwa vidole vyake, bila bisibisi, ikatoka.

Nieleze kidogo hapa, kwa sababu ndipo mchezo wake ulipo. Mbao halisi ikipata unyevu hutanuka na ikikauka husinyaa; inaweza kupinda, lakini nguvu yake kwa sehemu kubwa inabaki. Chipbodi ikinywa maji, vile vipande vidogo vinavimba na gundi iliyokuwa imevishika inaachia. Ikikauka inabaki na uvimbe wake, na skrubu haina tena cha kushika. Maji nayo mara nyingi huanzia chini, kwenye ule ukingo unaogusa sakafu, kwa sababu makabati mengi ya bei nafuu hayazibwi vizuri pale. Deki ya kila siku inatosha, sembuse nyumba iliyoingia maji.

Sasa tazameni picha za huyu bwana. Nilikuwa nimehifadhi zote za kabati langu, na baadaye nikatazama na za matangazo yake mengine. Kila picha imekatwa kiasi cha kiganja juu ya sakafu. Kabati halina miguu, meza haina miguu, kitanda kinaelea. Mara moja ungesema ni bahati mbaya ya kamera. Ikiwa hivyo kwenye kila tangazo, ina maana mpiga picha anajua kabisa nini kipo pale chini.

Jambo la pili la kumtambulisha ni simu. Salamu anaandika. Bei anaandika, tena kwa alama za tabasamu. Ukiuliza jambo lenye uzito, kama lile la maji, haandiki: anapiga. "Nimeona nikupigie dada yangu, kuandika kunachelewesha." Anakujibu kwa sauti, vizuri sana, na ukikata simu hakuna herufi hata moja iliyobaki. Mzigo ukishafika, tangazo linafutwa siku hiyohiyo, na maneno "mbao ngumu tupu" yanapotea nalo. Kwa hiyo hifadhini picha ya skrini ya tangazo kabla hamjamwambia kwamba mnalitaka, na akishapiga, mwandikieni papo hapo: "Umeniambia sasa hivi kwamba kabati halijawahi kuingia maji, ni sahihi?" Mimi nilimwandikia hivyo. Akajibu kwa kidole gumba tu. Kidole gumba hicho ndicho ushahidi wa maandishi nilio nao.

Nilipombana aliniambia maneno ambayo nadhani ameshayazoea: "Si kabati umepata? Si ndilo hilohilo la kwenye picha?"

Na hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Anayechukua pesa na kuzima simu tunamwita mwizi, yamekwisha. Huyu anakuletea kitu, na kitu chenyewe ni kilekile ulichokiona, ila ulionyeshwa upande mmoja. Ukienda kulalamika, nusu ya watu watakuambia vitu vilivyotumika ndivyo vilivyo, ulitegemea nini kwa bei ile? Wanaosema hivyo wanamsaidia bila kujua. Mikwaruzo sina ugomvi nayo, wala kioo chenye ufa, wala droo inayokwama. Nimeishi na fenicha za namna hiyo miaka mingi. Lakini aliyechukua gundi akajaza mashimo, akatafuta rangi ya viatu inayofanana, akapuliza marashi, huyo alikuwa anajua mashimo yapo na harufu ipo. Aliifanyia kazi siri yake.

Wapo wauzaji wa namna nyingine, na niseme hili kwa haki yao. Meza ninayoandikia niliinunua kwa mama mmoja ambaye picha ya kwanza ya tangazo lake ilikuwa doa la pasi iliyounguza ubao, limepigwa kwa karibu. Ya pili ilikuwa mguu uliowahi kuvunjika na kuungwa. Meza nzima ilionekana kwenye picha ya tatu. Sikumwomba hata apunguze. Lakini mama kama huyo anaumizwa na matapeli kuliko hata mimi niliyepoteza pesa. Mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika: muuzaji anajua ubovu, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anajihami kwa kutoa bei ya chini kwa kila gari, mwenye gari zuri anaona bei ile haimlipi, analitoa sokoni, na yanayobaki yanazidi kuwa mabovu. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa kazi zao kuhusu masoko ambamo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Weka kabati mahali pa gari, hesabu haibadiliki. Mtu aliyeumwa na huyu bwana atamwona yule mama naye ni mwongo, na doa lake la pasi atasema ni la kuficha jambo kubwa zaidi.

Ile hadithi ya kuhama nayo haikuwekwa bure. Mtu anayehama anaonekana si mfanyabiashara, na sheria za nchi nyingi zinawatofautisha. Uingereza, kwa mfano, sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kudai pesa zake zote. Aliyenunua kwa mtu binafsi hana haki hiyo, anachoweza kushikilia ni kwamba kitu lazima kilingane na kilivyoelezwa. Kwa hiyo mtu anayeuza makabati mwaka mzima akijiita "nahama" anakuvua kinga. Kabla ya kununua, tazama anachouza kingine. Familia moja haihami na makabati matano na sofa nne zisizofanana.

Tangu nianze kulizungumza hili, mtu mwingine amenitafuta, yeye alinunua kitanda. Ubao wa kichwani umevalishwa kitambaa kipya kabisa, na akafurahi. Kunguni walikuwa nyuma ya kitambaa, kwenye mishono na ndani ya matundu ya skrubu. Kunguni mkubwa ana kama milimita 5, yai lake milimita 1 tu, na anaweza kukaa miezi mingi bila kula akimsubiri mtu. Kitambaa kipya juu ya fremu ya zamani kisiwape raha, kiwape shaka. Pindueni kitu, pachueni pembe ya kitambaa cha chini, mulikeni tochi kwenye mishono mkitafuta vidoa vyeusi na magamba waliyojivua. Joto la zaidi ya nyuzi 50 likifika mpaka ndani ya fremu linawaua, lakini nani ana oveni ya kuingiza kitanda?

Kuhusu "mbao ngumu", msidanganywe na uzito. Anapenda kusema "nyanyua mwenyewe uone". MDF, ule ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, huwa na kilo 600 hadi 800 kwa mita moja ya ujazo, wakati msonobari mkavu huzunguka kilo 500, kwa hiyo kitu cha nyuzi zilizogandamizwa kinaweza kukuvunja mgongo kuliko mbao halisi. Tazameni ukingo. Mistari ya mbao halisi ikifika mwisho wa ubao inaendelea upande wa pili, na kwenye kichwa cha ubao mnaona pete za mti. Karatasi inakatika pembeni au inarudia mchoro uleule kila baada ya hatua kidogo. Toeni droo mtazame nyuma yake. Ingizeni mwanga kwenye tundu la skrubu: mkiona vipande vidogo vidogo ni chipbodi, hata ipakwe rangi gani. (Vinia, ule utando mwembamba wa mbao halisi juu ya ubao mwingine, si utapeli; fenicha nyingi nzuri sana zimetengenezwa hivyo. Utapeli ni kuiita mbao tupu.) Kwenye mbao halisi angalieni vitundu vya duara vya milimita moja au mbili, na mkiona unga mweupe unadondoka chini yake, wadudu bado wamo kazini.

Kuhusu malipo, huyu hadai pesa za kutangulia, na watu wengi wanamwamini kwa hilo. Kulipa baada ya kupokea mzigo si kinga ikiwa mzigo umefungwa. Mwambieni kwamba mnataka kukiona kitu kikiwa kimesimama, kimeungwa, kwake, kabla hakijafunguliwa. Mimi nililiomba hilo, akaniambia nyumba imeshakabidhiwa kwa mwenye nyumba na vitu viko stoo kwa rafiki. Yule wa kitanda aliambiwa vilevile, stoo kwa rafiki.

Nimedai pesa zangu. Kwanza alisema dereva ndiye aliyeharibu njiani. Nikamuuliza kama dereva ndiye aliyepuliza marashi, akanyamaza kwa muda. Kisha akaja na pendekezo: nifute niliyoyasema juu yake, atanirudishia nusu. Nikakataa. Nusu ile ingelipwa na mnunuzi anayefuata, ambaye asingekuwa na pa kusoma haya.

Kabati limebaki vipande ukutani. Fundi anasema milango mitatu na kioo vinaweza kuokolewa vikavalishwa fremu ya mbao halisi. Pande za chipbodi ni za kutupa. Kama kuna aliyeona tangazo la kuhama, picha zisizo na miguu, na muuzaji anayepiga simu kila ukiuliza kuhusu maji, aniandikie kabla ya kulipa. Nimehifadhi picha za matangazo, sauti ya dereva na kile kidole gumba, tulinganishe. Nikiandika haya, ana sofa ya kona mpya aliyoitangaza jana, kitambaa cha kijivu, imekatwa chini vilevile.