Friza ya lita 150, mwaka na nusu baadaye: pweza amekubali, viazi vimegoma

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 640,000. Ni friza ya kulala, ile ya kufunua mfuniko juu. Jina la kampuni silitaji, maana muuzaji aliniapia ina vikapu viwili ndani, nikaikuta na kimoja, na sitaki ugomvi na mtu.

Nianze na umeme, kwa kuwa ndilo swali la kila jirani. Kabla yake nyumba yangu hapa Mbagala ilikula uniti 40 hivi kwa mwezi. Sasa ni 62 hadi 65. Bado niko chini ya zile 75, ambazo ukizivuka unahamishwa daraja na bei ya uniti inapanda karibu mara tatu. Baridi yake haina maneno: nikiiweka namba 4, kipimajoto kinasoma nyuzi 18 chini ya sifuri.

Aliyeharibu mwanzoni ni mimi. Siku ya pili nilikwenda soko la samaki la Feri alfajiri, nikarudi na kilo 11 za vibua, nikawatumbukiza wote kwa mkupuo, mfuko mmoja. Kijitabu kinasema kisizidi kilo 8 kwa siku, lakini nani anasoma kijitabu? Kesho yake wa pembeni walikuwa mawe, wa katikati wamelegea na wameanza kunuka. Siku hizi nawapaa magamba, natoa matumbo na matamvua, nawafuta maji, nawafunga wanne wanne na kuwalaza bapa. Kitu kikiganda upesi, chembe za barafu huwa ndogo na nyama inabaki nzima; kikiganda polepole chembe zinakua, zinachana nyuzi, na siku ya kuyeyusha utamu wote unaondoka na maji. Vibua wana mafuta, kwa hiyo nawamaliza ndani ya miezi 2 au 3 kabla hawajachacha. Changu anavumilia zaidi.

Ila kuchana huko huko ndiko kunakomfaa pweza. Zamani nilikuwa namtwanga mpaka mkono unauma. Sasa analala kwenye barafu siku mbili tatu, anatoka laini, nachemsha kwa mkaa mchache. Kwa pweza peke yake friza hii imeshanilipa.

Nazi naikuna na kuigandisha bila kuikamua, kisha nakamua kwa maji ya vuguvugu siku ya kupika. Tui lenyewe linaganda, ila likiyeyuka linajitenga, maji huku mafuta huku. Ukilikoroga kwenye mchuzi wa moto linarudiana. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa hakina mpinzani. Maharage yaliyoiva pia. Mchicha lazima uuchovye kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, uupoze, uukamue, la sivyo utakula majani makavu. Nyanya zikishuka bei natupia nzima nzima. Ukizipitisha bombani ganda linavuka lenyewe. Ni za mchuzi tu, kachumbari usijaribu. Matango usiyaguse. Viazi mviringo vibichi vinageuka vyeusi na kujaa maji, na hata ndani ya mchuzi vinakuwa kama sponji, kwa hiyo mchuzi wa kugandisha naupika bila viazi.

Sambusa za Ramadhani nazipanga mbichi kwenye sinia zisigusane, zikishakuwa ngumu ndipo naziweka mfukoni. Zikaange hivyo hivyo na barafu yake, mafuta yasiwe makali. Ukizisubiri ziyeyuke, manda inalowa na nyama inamwagika yote kwenye karai.

Sasa kuyeyusha. Mama mkwe wangu huweka kuku kwenye beseni asubuhi, ampike jioni. Kwa joto la Dar, nje anakuwa vuguvugu huku tumboni bado ni barafu, na barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Nilimweleza. Akasema, "Mwanangu, sisi tumekula hivi miaka yote." Nikamjibu, "Ni kweli, mama," nikamhamishia kuku kwenye friji ya kawaida, rafu ya chini, ndani ya bakuli. Kuku wa kilo moja na nusu anataka usiku mzima na sehemu ya mchana. Ukiwa na haraka, mfunge vizuri umtie kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, akiyeyuka apikwe papo hapo.

Umeme ukikatika usifunue. Friza iliyojaa inashikilia baridi kama siku mbili, iliyo nusu siku moja. Mwaka jana tulikwenda msibani Korogwe siku nne. Nilikuwa nimeacha ndani kikombe cha barafu na sarafu ya 200 juu yake. Tuliporudi kila kitu kilikuwa kigumu, ungesema salama, lakini sarafu ilikuwa imezama hadi chini ya kikombe. Maana yake vyote vilishayeyuka vikaganda upya. Kuku watatu na nyama kilo 4 nilifukia shimoni, roho ikiniuma.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeikata kwa ajili ya kikapu, na kwa tundu la kutolea maji ambalo wameliweka nyuma, upande wa ukutani, hadi leo siku ya kukwangua barafu nachota maji kwa kikombe.