Bakteria wa maji taka ya banda la nguruwe: pakiti za unga na mtambo wa hewa, nilivyoviona

Nafuga nguruwe 60 Kibaha. Kila siku tukiosha mabanda yanatoka maji kama lita 1,500, mazito kwa mkojo na kinyesi. Masika iliyopita shimo lilifurika, maji yakaingia kwenye mchicha wa mama jirani, ukaungua wote. Niliona aibu kubwa.

Nilianza na unga wa bakteria, pakiti shilingi 45,000, wa kumwaga shimoni kila wiki. Wiki sita! Harufu ilipungua kidogo tu. Nilipima amonia, naitrojeni kali itokanayo na mkojo na kinyesi, kwa kipimo cha wafuga samaki, kikombe kimoja cha maji yangu kwa vikombe 99 vya maji safi, ikatoka karibu miligramu 400 kwa lita, ileile ya mwanzo. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti hawafanyi kazi bila hewa: kilo moja ya naitrojeni hula kama kilo 4.6 za oksijeni. Shimo langu lilikuwa limefunikwa kwa zege.

Ndipo nikawaita mafundi wa mitambo ya maji taka. Walijenga chujio la kinyesi kigumu, tangi lenye mashine ya kupuliza hewa, na la pili la kutulizia tope. Hawakuja na unga; walileta mapipa ya tope hai, yaani tope lililojaa bakteria walio kazini, kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi, na hilo ndilo lililonishawishi. Mashine inapuliza kwa saa nne, inapumzika kwa saa mbili. Ikizimwa tunafungulia maji mapya ya bandani: bakteria wengine, wakikosa hewa, hupumua ile naitreti huku wakila uchafu mpya, na naitrojeni inapanda juu kama vipovu vidogo. Mara ya kwanza nilikaa ukingoni nikivitazama hadi giza likaingia.

Hawakuniambia mapema kuhusu chokaa, na hapo nawalaumu. Kazi ya kugeuza amonia kuwa naitreti huzalisha asidi; wiki ya tatu karatasi ya kupimia asidi (pH) ilisoma 5.5 na amonia ikagoma kushuka. Tulipoweka chokaa ikaanza kushuka, na wiki ya saba ilikuwa chini ya miligramu 20 kwa lita. Pia hawakunionya kuhusu dawa ya kunyunyizia mabanda dhidi ya homa ya nguruwe. Kijana wangu aliisukuma yote tangini, bakteria wakafa, tukasubiri wiki tatu nyingine. Sasa nimeweka bomba la pembeni la kuyapeleka maji ya dawa kwingine.

Fosforasi, kirutubisho kingine kilichomo kwenye kinyesi, haipandi hewani kama naitrojeni. Inabaki kwenye tope, kwa hiyo nachota kila wiki mbili, nalikausha, nalipeleka kwenye migomba. Ukiacha kuchota, inarudi majini.

Umeme wa LUKU unauma, na ukikatika siku nzima harufu inarudi. Mwenye nguruwe watano simshauri aingie gharama hii. Kwa wingi wangu, ningewaita tena mafundi walewale, ila safari hii ningenunua chokaa kwanza.